Kasubi: Mahali Patakatifu Katikati ya Jiji
(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya mandir yetu, Shinyanga)



Katika safari yetu ya biashara tulipita Geita na Bukoba, tukavuka mpaka Mutukula hadi Kampala. Huko tulizuru Kasubi, kilima chenye makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda. Mabondeni bodaboda na maduka yamesongamana, kilimani pametulia. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, naye akazikwa humo mwaka 1884. Desturi ni kuvua viatu kabla ya kuingia, kama tufanyavyo mandirini. Ndani ya paa lake la nyasi zimo pete 52, kwa heshima ya koo 52 za Baganda.

Nyumba hiyo iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Mataifa yalisaidia kupitia UNESCO, Japani ikiwamo. Hata hivyo, fedha haziezeki paa. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na mapambo ni ya ukoo wa Ngo. Stadi hizo vijana huzirithi kwa wazee wao. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wajapani nao, hekalu lao kuu la Shinto lililoko Ise hulijenga upya kila baada ya miaka 20, na mafundi chipukizi hujifunza kwa wakongwe.

Ndugu zetu, sisi wa ukanda wa dhahabu twajua kuwa duara likiisha mali, watu huhamia rashi nyingine. Vijana wetu wengi wamekwisha kuhamia Dar es Salaam na Leicester. Wanaojua kuongoza aarti, kupika prasad ya mamia ya watu na kutunza daftari la mandir ni wachache, tena wenye mvi. Marumaru zitadumu, taa itawashwa na nani?

Twapendekeza kila mzee mwenye kazi hapa achague kijana mmoja na kumfundisha kabla ya Diwali ijayo. Nanyi majirani, ambao mafundi wenu walisimamisha kuta hizi, waleteni vijana wenu wajifunze ufundi huo kwa malipo ya haki.