Kifaransa, Lugha ya Jirani: Namna ya Kuwashawishi Wanafunzi na Wazazi

Tunapokinadi Kifaransa shuleni tumezoea kuanzia Paris. Mada hii inashauri tuanzie Kigoma. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na kote huko Kifaransa ni lugha rasmi. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Shehena ya Kongo na Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayotumia Kifaransa katika shughuli zake. Mzazi anayeuliza lugha hii itamfaa nini mwanawe anastahili kujibiwa kwa mambo kama haya, yaliyo karibu naye.

Wapo watakaosema kwamba wakazi wa miji ya Kongo kama Goma, Bukavu na Lubumbashi wanazungumza Kiswahili, basi Kifaransa cha nini? Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mazungumzo na maandishi. Kwa Kiswahili mfanyabiashara ataulizia bei na kupata wenyeji; ila sheria, hukumu na nyaraka za serikali ya Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Tangu 2012 nchi hiyo imo katika OHADA, umoja wa sheria za biashara ambao tafsiri zake zikitofautiana, nakala ya Kifaransa ndiyo inayofuatwa. Asiyeweza kuisoma hutia saini kwa kumwamini mtu mwingine.

Wengine hukikataa kwa kuwa ni lugha ya mkoloni. Machungu hayo ni ya kweli, na katiba ya Mali ya 2023 ilikiondolea Kifaransa hadhi ya lugha rasmi. Hata hivyo, Mali yenyewe ilikibakiza kuwa lugha ya kazi, kwa sababu shughuli za umma bado zinakihitaji. Zaidi ya hayo, Kiswahili, ambacho sasa ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, kinahitaji wakalimani wa kukipeleka moja kwa moja kwa wazungumzaji wa Kifaransa bila kupitia Kiingereza. Anayejifunza Kifaransa anaweza kuwa mjumbe wa Kiswahili.

Inabaki hoja ya mzigo: mwanafunzi hajakimudu Kiingereza, tumwongezee lugha nyingine? Ndiyo maana sishauri kumlazimisha kila mtoto, wala kumwahidi ajira. Nashauri somo lianze kuimarishwa kwenye mikoa ya mpakani na bandarini, na lifundishwe kwa ankara, mikataba na matangazo halisi. Kwenye vikao vya wazazi tuwaalike madereva wa malori na mawakala wa forodha waeleze kazi zao. Mzazi akiona karatasi ambayo mwanawe anaweza kuisoma na yeye hawezi, faida ya somo itakuwa mbele ya macho yake.