Mbio za Farasi: Siku ya Baba, Mama na Watoto



Watu wengi wa Nairobi hupita kila siku katika Barabara ya Ngong, nao huuona uwanja wa mbio za farasi ulio karibu na msitu, wala hawajaingia ndani hata mara moja. Wengine hudhani kwamba ni mahali pa matajiri tu. Wengine husema kwamba ni mahali pa kamari, na mtu mwenye watoto hana shughuli huko. Neno la kwanza si kweli. La pili lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo yafaa lielezwe vizuri, maana aendaye pale na jamaa yake pasipo kulifahamu aweza kurudi nyumbani kwa miguu.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo mbio zilifanyika Eastleigh, upande mwingine wa mji. Farasi mwenyewe ni kama mgeni katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwa kuwa zamani wengi walikufa kwa nagana iletwayo na mbung'o, na kwa ugonjwa mwingine mkali ambao huenezwa na visubi, wadudu wadogo kabisa wenye kuuma usiku. Punda hustahimili maradhi hayo kuliko farasi. Watu wa Lamu, ambao hushindanisha punda wao wakati wa Maulidi, huenda wakasema kwamba Mungu aliwapa mnyama mwenye akili zaidi, na hapana haja ya kubishana nao.

Chukua mfano wa fundi seremala mmoja akaaye Kawangware, mwenye mke na watoto watatu. Jumamosi usiku yeye na mkewe walikaa mezani wakahesabu fedha za safari ya kesho yake. Walitenga nauli, kiingilio na chakula, kisha wakatenga shilingi 500 za kuweka dau. Hizo mia tano walikubaliana kuzihesabu kuwa zimekwisha kutumika, kama vile fedha za soda. Nauli ya kurudi ilitiwa katika mkoba wa mama, na mkoba ukafungwa.

Walipofika hawakwenda kwanza kwenye dirisha la tiketi. Walikwenda kwenye uwanja mdogo wa duara, ambapo farasi hutembezwa kabla ya kila mbio, na hapo ndipo penye faida kubwa ya siku nzima. Kila farasi huongozwa na saisi wake, mtu ambaye kazi yake huanza kabla ya jua kuchomoza. Yeye humlisha, humsugua, humsafisha kwato, na kwa kumpapasa miguu tu aweza kujua kama kuna mahali penye maumivu. Watazamaji wengi hawamwangalii. Lakini mtoto mwenye macho ataona jinsi mnyama mwenye kilo 450 na zaidi anavyofuata mkono wa mtu mmoja, na huenda akauliza maswali ambayo babaye hawezi kuyajibu.

Mambo ya kutazama si magumu. Ngozi ing'ae. Hatua iwe ndefu na nyepesi, kama ya mtu aendaye harusini. Farasi atokaye jasho jingi na kurukaruka kabla hajapandwa huenda amekwisha kupoteza nguvu zake papo hapo. Tena watoto waonywe mapema kwamba macho ya farasi yako kando ya kichwa. Huona karibu pande zote, ila hamwoni aliye nyuma yake barabara, na akishtuka hupiga teke. Mtu asifungue mwavuli kwa ghafula karibu naye.

Mtoto wa pili wa yule fundi, msichana wa miaka tisa, aliuliza mbona katika kitabu cha mashindano kila farasi ameandikiwa uzito. Swali hilo ni zuri. Katika mbio nyingi, farasi aliyejionyesha kuwa hodari hutwikwa uzito mkubwa kuliko mwenzake aliye hafifu, ili wote wapate nafasi ya kushinda. Mpandaji akiwa mwepesi mno, vipande vya risasi hutiwa katika tandiko mpaka uzito utimie. Mbio zikiisha, wapandaji hupimwa tena, na farasi aliyepungukiwa aweza kunyang'anywa ushindi wake. Kwa hiyo asiye na haraka haitupi tiketi yake chini kabla matokeo hayajathibitishwa. Wako watu waliookota bahati yao katika tiketi zilizotupwa na wenzao.

Farasi wa mashindano haya wana ukoo wao ulioandikwa vitabuni. Ukifuatwa kwa upande wa baba, wote hufika kwa madume watatu tu, waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za mashariki zaidi ya miaka 250 iliyopita. Mmoja wao alinunuliwa Aleppo, katika Shamu, akafika Uingereza mwaka 1704. Hapa Kenya, mmoja katika walimu wa farasi waliopata sifa nyingi alikuwa mwanamke, Beryl Markham, aliyelelewa Njoro katika shamba la babaye. Dunia humkumbuka kwa kuwa mwaka 1936 aliruka peke yake kwa ndege kuvuka bahari ya Atlantiki, toka Uingereza mpaka Kanada. Lakini farasi ndio waliokuwa kazi yake ya maisha. Washindi wake wa mbio kubwa iitwayo Derby ya Kenya walikuwa zaidi ya mmoja, naye alifariki Nairobi mwaka 1986.

Mbio zenyewe ni fupi. Mbio za mita 2,400 huchukua kama dakika mbili na nusu. Afadhali kusimama ukutani mwa njia, karibu na mwisho, na mtoto mdogo akae mabegani. Farasi wakiwa upande wa mbali huonekana kama wanatembea. Kisha hupinda kona, ardhi huanza kutetemeka chini ya viatu, na watu ambao hawajuani hushikana mikono na kupiga kelele. Mwendo wao hufika kama kilomita 60 kwa saa. Mtoto mdogo wa fundi alilia mara ya kwanza, na mara ya pili hakutaka kushuka.

Sasa habari ya dau. Sheria ya Kenya humkataza mtu asiyetimiza miaka 18 kuweka dau, kwa hiyo watoto wasitumwe dirishani hata kwa mzaha. Njia ya zamani katika viwanja vya farasi huitwa toti. Fedha za watu wote hutiwa katika fungu moja, wenye kuendesha mchezo hukata sehemu yao, na zinazobaki hugawanywa kwa waliomchagua mshindi. Tuseme fungu ni shilingi 100,000 na kinachokatwa ni shilingi 20 kwa kila mia. Zimebaki 80,000. Ikiwa watu walimwekea mshindi 40,000, kila aliyetoa mia atapata mia mbili. Ikiwa walimwekea 4,000 tu, kila mia itazaa elfu mbili. Hiyo ndiyo sababu farasi apendwaye na wengi hulipa kidogo.

Lakini hesabu hiyo ina upande mwingine. Ikiwa watazamaji wote, wakihesabiwa pamoja, waliingia na shilingi 1,000 na kuzirudisha zote dirishani kila mara, baada ya mbio moja wana 800, baada ya mbili 640, na baada ya mbio nane wamebakiwa na 168. Mtu mmoja mmoja aweza kuondoka na faida, ila umati haurudi nayo. Katika uwanja wa farasi kuna angaa nusu saa hivi kati ya mbio na mbio, ambapo mtu aweza kupoa na kula chipsi. Dau la kwenye simu halina nusu saa hiyo, na nyumba zilizoharibika kwa simu hazihitaji kutajwa.

Yule fundi alishinda mara moja, akashindwa mara nne, na kabla ya mbio ya sita mia tano zake zilikuwa zimekwisha. Akamgeukia mkewe.

"Mama watoto, nipe hiyo nauli. Namba saba hawezi kushindwa."

"Baba watoto," mkewe akamjibu, "na huyo namba saba atatubeba sote watano mpaka Kawangware?"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Fundi hakucheka. Mkoba haukufunguliwa, na mbio zikaanza, na namba saba akashinda kwa urefu wa farasi mzima.

Jambo hili hutokea, wala haifai kuficha. Bwana yule alinung'unika mbio mbili zilizobaki. Mkewe hakubishana naye. Aliwachukua watoto mpaka mahali walipoweza kuona farasi wakirudishwa, pumzi zikiwatoka kwa nguvu, na masaisi wakiwamwagia maji na kuwatembeza polepole wasije wakapata baridi. Msichana wa miaka tisa alimwuliza saisi mmoja jina la farasi wake, naye akamwambia, na akamwambia pia kwamba mnyama huyo hupenda karoti. Baadaye baba yao akaja kuwatafuta, akambeba mdogo aliyekuwa amesinzia, nao wakaenda kituoni kungoja gari.