Gari Lisilo na Dereva Hufundishwa na Nani?

(Hotuba kwa vijana wanaotafuta kazi za mtandaoni)



Gari linalojiendesha huona njia kwa vifaa kadhaa. Kamera hupiga picha. Rada hutuma mawimbi ya redio na kupima umbali na mwendo wa kilicho mbele. Laida hurusha miale ya mwanga, ikapima muda inaochukua kurudi, kisha ikachora mazingira kwa maelfu ya vitone. Lakini vitone havina majina. Gari halijui kipi ni mtoto na kipi ni nguzo ya stima mpaka lifundishwe.

Sehemu ya mafunzo hayo imefanywa na Wakenya. Jijini Nairobi, wafanyakazi wa kampuni ya Sama wamechora visanduku kwenye picha za barabara: hili ni gari, huyu anatembea kwa miguu. Wengine walifanya kazi za aina hiyo nyumbani kupitia Remotasks, hadi Machi 2024 ilipofunga huduma zake nchini. Waliotegemea mapato hayo walilazimika kuanza upya.

Ndugu vijana, funzo ni hili: kazi hizi ni za kweli, ila zaweza kukatika ghafla. Usimlipe mtu ili upate kazi. Usikodishe akaunti wala kitambulisho chako. Soma masharti ya malipo kabla ya kuanza, na utoe pesa zako mara zinapokomaa. Taarifa zako binafsi zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Kuna jambo la pili. Mashine iliyofunzwa kwa barabara za Marekani na Ulaya haijazoea Keroka siku ya soko: mkokoteni, ng'ombe, lori la majani chai, na bodaboda iliyofunikwa na mikungu ya ndizi. Isichofundishwa, yaweza kukosa kukitambua, na hapo uhai wa mtu umo hatarini. Anayejua kwamba ndani ya ndizi zile mna pikipiki na binadamu ni kijana wa Kisii na Nyamira. Ujuzi huo una thamani. Asiuuze kwa bei ya kutupa.

Kwa sasa, jicho linalolinda barabara zetu bado ni la dereva. Mwendeshaji bodaboda, vaa helmeti na jaketi linalong'aa.