Mganga na Mgonjwa Watunzane



Wasikilizaji wapendwa wa Rughenda, nanyi mnaokusanyika vijijini kutusikiliza, leo twasema juu ya wajibu wa mganga kwa mgonjwa, na wa mgonjwa kwa mganga. Huu wa pili twausahau upesi.

Swali: Je, mgonjwa naye ana deni kwa mganga?

Jibu: Ndiyo, deni la ukweli na deni la amani.

Tukumbuke Ijumaa Kuu, tarehe 19 Aprili 2019. Siku ile ya kuuheshimu Msalaba, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo, wakamwua mganga Richard Mouzoko. Alitoka Kamerun, akatumwa na Shirika la Afya Duniani kupigana na Ebola, ugonjwa uliowaua watu 2,287 kwetu na Ituri kabla haujakoma Juni 2020. Sisi tulikuwa tumesikia sokoni kwamba waganga ndio walioleta ugonjwa wapate fedha. Tukanyamaza.

Walakini, watu walikuwa na sababu ya kuogopa. Ndugu yao alichukuliwa na wageni waliofunikwa toka kichwa hata miguu, wasioonekana uso. Nyumbani hawakujua kama anakula au analia. Mganga ana deni la kutaja jina lake, kueleza dawa, na kuomba ruhusa. Kule Beni, mwaka 2018, waliweka vyumba vyenye kuta za kuonea ndani, jamaa wakamtazama mgonjwa wao na kusema naye. Jambo dogo, lakini liliondoa hofu nyingi.

Na mwenye homa anayeficha kwamba alimwosha marehemu, anamtia muuguzi hatarini bila kumwonya. Muuguzi huyo naye ana watoto.

Tena sikilizeni ajabu hii. Mtu mmoja alipona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Baadaye alikubali kutoa damu yake. Wataalamu, pamoja na Profesa Muyembe, wakapata humo asili ya dawa iliyojaribiwa kwetu toka Novemba 2018, nayo ikaokoa wengi. Basi, mgonjwa wa Kikwit aliwasaidia waganga wa Beni.

Na hapa kwetu, waliopona walirudi kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa.