Miwani ya Mshona Nyavu

Mabwana, hapa Kojani mtu apitapo miaka 40 huanza kuunyoosha mkono apate kuona tundu la wavu, na Msahafu huuweka mbali. Si ugonjwa, lenzi ya jicho imekakamaa. Wengi huazima miwani ya jirani. Nasi tuliazima, tukaumwa na kichwa kutwa. Lenzi za kuvaa jichoni hazitaki maji ya bahari wala ya kisima. Mvuvi aliyeko dago atazisafishia wapi? Upasuaji wa leza nao ni ghali, na aghalabu hauondoi haja ya miwani ya kusomea. Basi twachagua miwani, kila mtu kwa kipimo chake. Na aendaye kupimwa achukue wavu wake, apimwe kwa umbali ule aushoneao.