Nyimbo za Reli Nizipendazo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule)



Kamati ya maandalizi iliponiandikia iliniruhusu kuzungumzia jambo lo lote, mradi lisiwe siasa na lisizidi nusu saa. Nimechagua nyimbo za reli. Najua wapo waliotazamia niseme juu ya maadili ya vijana. Hao nawaomba radhi, wahubiri hawakosekani. Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alikuwa kibarua wa genge, akitunza maili chache za njia upande wa Igandu, na baadaye akahamishiwa Tabora. Shule hii niliijia kwa gari la moshi, na kila likizo niliondoka kwa gari la moshi.

Kwanza njia yenyewe. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, 1910 hapa Dodoma, 1912 Tabora, na mapema mwaka 1914 ikaligusa ziwa huko Kigoma. Kwa hiyo mji huu, ambao leo una Bunge na wizara, ulianza kukua kwa sababu ya stesheni. Nao ni mtoto wa reli kama mimi. Ukitoka pwani, gari hupanda likifuata bonde la Mkondoa kutoka Kilosa, likapita Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali na Igandu, hata likafika kwenye uwanda huu mkavu wa mibuyu. Halafu hushuka tena Bahi, na ukuta wa Saranda unalingoja mbele. Enzi za mvuke, sisi watoto tulisikia wazi kabisa injini ikisema katika kupanda: mzigo mzito, mzigo mzito, mzigo mzito. Ikifika juu ilisema: nimetua nimetua nimetua. Huo ndio wimbo wangu wa kwanza wa reli, na mtungaji wake ni injini ya Garratt.

Nyimbo za dansi nitazitaja kwa heshima, lakini kwa haraka. Tazameni ramani ya bendi za zamani. Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilikuwa Morogoro. Tabora Jazz ilikuwa Tabora. Hata Western Jazz, yenye makao yake Dar es Salaam, ilichukua jina lake kutoka Jimbo la Magharibi alikotoka mwanzilishi wake. Zimetungwa juu ya reli kama shanga katika uzi. Na kwa kuwa bendi iliyotaka kusikika nchini ilipaswa kwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, magitaa na ngoma zilisafiri pamoja nasi kwenye mabehewa. Lakini nikisema kweli, katika nyimbo nyingi za dansi treni ni chombo tu cha kumchukua mpenzi. Mtungaji angeweza kuiondoa treni, akaweka basi, na wimbo usidhurike. Nazipenda kwa magitaa yake.

Wimbo wa reli hasa ni ule ambao ukiiondoa reli, wimbo wenyewe unaanguka. Nilimsikia mpiga zeze pale Bahi, gari liliposimama na abiria wakigombania samaki wakavu madirishani. Alianza kuvuta upinde polepole mno, mvuto mmoja mmoja, kama magurudumu yanavyojinyosha. Akaongeza kidogo kidogo, bila kuruka hata hatua moja, hata mwisho upinde haukuonekana. Kisha akapiga breki. Hakutia neno hata moja. Waliomjua marehemu Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyeipeleka ilimba na zeze ya Kigogo hadi Ulaya na Japani, watanielewa nikisema kwamba ala hizi hazihitaji kufundishwa kuigiza safari.

Sisi wanafunzi nasi tulikuwa na zetu. Mwezi wa Desemba tulikwenda stesheni na waranti zetu mkononi, tukajazana daraja la tatu, na kuanzia Zuzu mpaka alfajiri hakuna abiria aliyepata usingizi. Wazee waliotulaani usiku ule, kama wangali hai, watusamehe. Sikumbuki kama tuliimba vizuri. Nakumbuka kwamba tulipokaribia Tabora sauti zilipungua, kwa kuwa pale mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma hutenganishwa, na hata mkorofi wa bweni hapendi kukatwa na rafiki yake katikati ya ubeti.

Sasa nakuja kwenye wimbo nilioukusudia tangu mwanzo, nao ni wa genge.

Ninyi vijana huenda mkadhani reli ikishalazwa imelala. La. Jua huitanua, mvua huondoa udongo chini ya kokoto, uzito wa magari huisukuma upande. Siku zote kuna mahali imepinda kidogo, na kupinda kidogo kunatosha. Basi mnyapara huinama, au hulala kifudifudi kabisa, akaweka jicho moja juu ya reli na kuitazama kama mwindaji anavyotazama mtutu wa bunduki. Anaonyesha kwa mkono: hapa, kulia. Watu wanane au kumi huchomeka mitaimbo yao chini ya reli, kwenye kokoto. Reli ile imefungwa juu ya mataruma ya chuma, na mataruma yamezama katika mawe. Mtu mmoja hata awe Samsoni hawezi kuitikisa. Watu wanane wakivuta kila mmoja kwa wakati wake hawawezi vile vile. Lazima mitaimbo yote iende kwa pumzi moja, na pumzi hiyo hutoka kwenye wimbo.

Mwimbishaji huanza peke yake, watu wamesimama wima. Anaimba mstari mmoja, tena kwa Kiswahili au Kigogo au Kinyamwezi, kadiri alivyoamka. Genge linaitikia, na kwenye silabi ya mwisho ya kiitikio, si kabla yake wala si baada yake, miili yote inalala nyuma. Reli inasogea upana wa kidole. Mnyapara anatazama. Anatikisa kichwa. Wimbo unaendelea. Mwimbishaji mzuri alipunguziwa kazi ya sururu na wenzake wenyewe, bila amri ya mtu, kwani walijua kwamba siku asipokuja mgongo wa kila mmoja utauma.

Maneno yalibadilika kila siku. Mkaguzi akipita kwa toroli alisifiwa kwa Kiswahili na kutukanwa kwa Kigogo katika ubeti ule ule, naye alitoa kofia kwa wote wawili. Lakini kiitikio kimoja cha genge la baba yangu hakikubadilika, nacho maana yake ni kumwambia abiria alale salama, kwa maana walio macho wako chini yake. Nawaombeni mfikiri watu wale walikuwa akina nani. Ni watu ambao daraja la kwanza walilijua kwa nje tu, taa zake zikiwapita usiku. Na ndio waliokuwa wakimwimbia aliye ndani.

Usiku njia ile ile ilipitisha nyimbo nyingine. Hao walikuwa manamba, watu waliokwenda mashamba ya mkonge ya Kimamba, Morogoro na Tanga, wengi wao Waha kutoka Kigoma. Jina lenyewe limetoka kwenye namba waliyopewa mahali pa jina. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwatafuta na kuwasafirisha watu hawa, SILABU, na safari ilikuwa kwa treni. Baba aliwasikia gari lilipongoja kupishana. Alisema waliimba kwa sauti ya chini, na yale machache aliyoyaelewa yalikuwa hesabu: siku 30 za kazi ili kipande kimoja kijae, na vipande vingapi kabla ya kupanda tena gari la kurudi.

Dunia nzima imejaa nyimbo za namna hii, na baadhi yake zimekuwa tajiri. Shosholoza ulianzia kwa vibarua Wandebele waliotoka Zimbabwe kwa treni kwenda migodini Afrika Kusini. Leo unaimbwa katika viwanja vya michezo na watu wasiojua mgodi ni nini. Marehemu Hugh Masekela alitoa Stimela mwaka 1974, na humo huigiza filimbi ya treni na mshindo wa injini kwa koo lake mwenyewe, huku akisimulia habari za wachimba madini hao. Huo nauweka juu kuliko nyimbo zote za reli zilizorekodiwa. Wenye asili ya nyimbo hizi si wageni kwetu: kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na kambi Kongwa, katika mkoa wetu huu.

Na huko Marekani, upande wa kusini, vibarua weusi wa reli walinyoosha njia kwa mitaimbo na wimbo, sawasawa kabisa na baba yangu. Niliposoma habari zao nilidhani nasoma habari za Igandu. Tofauti ni kwamba wao walifikiwa na mashine. Mwaka 1934 John Lomax alirekodi wafungwa wa Arkansas wakiimba wimbo wa reli, Rock Island Line. Lead Belly, aliyekuwa amefuatana naye, akauchukua, na miaka ishirini baadaye Mwingereza Lonnie Donegan akaurekodi na kupata nao sifa kubwa. Ni kweli Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake mwaka 1950, akarekodi na Wagogo, nasi tunamshukuru. Lakini genge la baba yangu halikupata mgeni ye yote mwenye mashine.

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuja Dodoma ilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu na Msagali, ikazidi kushika kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wasiotambuliwa walizikwa pamoja hapa mjini. Mzee wangu alikuwa amestaafu zamani. Tuliisikia habari redioni. Hakusema neno, ila aliuliza ilikuwa maili ya ngapi. Njia haikuwa mikononi mwake tena, na lililotokea halikuhusiana na mtaimbo wake. Lakini tangu siku ile hakukiimba tena kile kiitikio, hata kwa kuvuma puani alipokuwa akilima bustani.

Miaka mitatu baadaye nilimletea kinasa sauti. Alikitazama, akaniambia wimbo huu haukaliwi. Sikumwelewa. Akasema: wewe unaniketisha kitini na chai mkononi, unataka niimbe nini? Nikaenda kuazima mitaimbo miwili. Tulisimama nyuma ya nyumba, tukaichomeka chini ya jiwe kubwa la kuanikia mahindi, mimi na yeye, mzee wa zaidi ya miaka themanini. Akaimba. Kanda ile ina beti tano na kikohozi kimoja, na jiwe lilisogea.

Tangu mwaka 2024 tunayo treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka hapa. Nimeipanda, na naisifu: asubuhi uko pwani, mchana uko Dodoma, na shati lako bado jeupe. Lakini reli zake zimeunganishwa kwa kuchomelewa, hazina viungo, kwa hiyo ule mpigo wa gurudumu juu ya kiungo, ambao nyimbo zetu zote ziliuegemea, haupo. Nilitega sikio mpaka Morogoro nikasikia upepo na simu za watu. Kijana mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa akigonga meza kwa vidole, akitafuta mpigo fulani. Sikumwuliza anatunga nini; mtungaji haulizwi.

Ndugu Mwenyekiti, saa yangu inaniambia zimebaki dakika kumi. Nawaomba vijana wanane wenye nguvu waje hapa mbele. Mitaimbo iko pale mlangoni, na nje, chini ya mwarobaini, fundi wa shule ameniwekea kipande cha chuma kizito juu ya kokoto. Wengine tafadhali tokeni mtuzunguke. Kiitikio ni maneno manne tu, nitayatamka mara mbili. Msivute kabla ya silabi ya mwisho.