Kuruwa na Pompa ya Maji: Juu ya Nini Tunasimamisha Gari Inayotembea

Maneno ya fundi wetu wa gari, memba wa shirika, mbele ya mukutano wa wote, Butembo



Komite imeniomba nijibu ulizo lililotoka kwenye mukutano uliopita. Gari inatembea vizuri, haitoi moshi, haijalala njiani hata siku moja. Sasa juu ya nini fundi anataka kufungua motere na kula pesa ambayo ingenunua mbegu? Rafiki mumoja aliyetusaidia kununua gari naye ameuliza vile vile. Ni ulizo la haki. Nimeleta vitu viwili hapa mezani ili tuongee tukiviangalia. Vimetoka kwa Ipsum ingine ya namna ya ile yetu. Vipitisheni mukono kwa mukono, musiogope kuchafuka.

Huu mukanda mweusi wenye meno ndio tunaita kuruwa ya distribisio. Si ile kuruwa ya inje munayoona mukifungua kapo. Huu unafichwa nyuma ya vifuniko, na ndiyo maana unasahauliwa. Wamama wanajua kutwanga wawili kwa kinu kimoja: mumoja anainua muchi, mwenzake anashusha. Wakipotezana kidogo tu, michi inagongana. Ndani ya motere ni hivyo. Pistoni zinapanda na kushuka, sopapi zinafunguka na kufungwa, na kuruwa ndiyo inashika wakati wa kila moja. Motere ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila sopapi inafunguka mara 25 kwa sekunde moja. Kazi yote hiyo inabebwa na kaucho na nyuzi.

Sasa ukunjeni kidogo kwa mugongo. Munaona mipasuko midogo? Kwa macho ya haraka ungesema ni muzima. Kuruwa haipigi kelele kabla ya kukatika, haitoi arufu. Inakatika tu. Na mara ingine haikatiki, inapoteza meno mawili matatu, lakini matokeo ni yale yale.

Kuna jambo ambalo lazima niseme kwa ukweli, kwani wengine hapa wako na gari zao. Kwa motere za mazuti kama 1KZ ya Prado ama 2L ya Hiace, kuruwa ikikatika pistoni zinagonga sopapi, na unaweza kulipa motere nzima. Gari yetu ni Ipsum ya kwanza, yenye motere 3S-FE ya esansi. Hiyo Toyota waliiachia nafasi: kuruwa ikikatika, kwa kawaida sopapi hazikunjwi. Motere inazima tu.

Najua mutu atasema: kumbe hakuna hatari! Ngoja kwanza. Inazima wapi? Kutoka hapa mupaka Beni ni kilometa 54, na kila mutu katika chumba hiki anaijua njia hiyo. Sihitaji kukumbusha memba yale tuliyoyaona katika teritware ya Beni tangu mwezi wa kumi 2014. Ndiyo yaliyotufanya wengi wetu tukimbie mupaka tukaitwa waliorudi. Kwa rafiki zetu wa mbali nitasema hivi tu: gari iliyozima saa kumi na moja ya jioni kati ya Maboya na Beni, na wamama saba ndani na mizigo yao, si pane ya kawaida. Huwezi kuisukuma ikawaka. Huwezi kufunga kamba ukaendelea. Fundi mwenye akili hawezi kufanya kazi ile gizani kando ya barabara.

Sasa kitu cha pili, pompa ya maji. Kwa motere hii, kuruwa ile ile ya distribisio ndiyo inazungusha pompa. Memba wengi hawakujua hilo, na ndilo linaleta ubishi wa bei. Shikeni kichwa cha pompa, mukitikise. Munasikia inacheza? Rulma imekufa. Hapa chini kuna tundu dogo na alama nyeupe ya maji yaliyokauka. Pompa inatobolewa hivyo kiwandani ili ikianza kuvuja tuone. Rulma ikikwama, pompa inaharibu kuruwa hata kama ni ya jana. Ikivuja, motere inachemka, na kulasi ya aliminiamu inajikunja. Ndipo pesa inakwenda kweli.

Kuhusu kuchemka, wamama wa Butembo wanajua maharagi yanachukua kuni nyingi hapa kuliko Beni. Huku juu maji yanachemka mbele hayajapata moto wa kutosha. Ndani ya radiatere ni vile vile, na kifuniko chake chenye ressori ndicho kinashikilia presio. Kwa hiyo shofere wetu asiweke kifuniko chochote alichookota sokoni, na asijaze maji ya mutoni. Maji yale yanaleta kutu, na kutu inakula pompa.

Sasa ile bei. Kazi kubwa si kuweka kuruwa, ni kuifikia. Tunatoa gurudumu la mbele la kuume, tunaegemeza motere kwa kriki, tunafungua sipo yake, puli ya chini, vifuniko. Tukifika pale, pompa iko mbele ya macho. Kuacha pompa ya zamani ili kuokoa pesa yake, halafu ivuje baada ya miezi mitano, ni kulipa njia ile ile mara mbili. Galeti zinazokaza kuruwa nazo zinabadilishwa siku hiyo, na juen za mafuta zilizo nyuma yake zikionyesha unyevu, kwa sababu mafuta yanaoza kaucho. Kisha tunalinganisha alama, tunazungusha motere mara mbili nzima kwa mukono, polepole, tunaangalia alama tena. Fundi anayewasha kwa ufunguo mbele ya kuzungusha kwa mukono, musimupe gari yenu.

Wengine wanasema tungojee kilometa 100,000 kama kitabu kinavyosema. Kitabu hakijui vumbi yetu, na kontere ya gari iliyotoka Japani kupitia Mombasa na Kasindi inasema yale muuzaji alitaka iseme. Hatujui kuruwa iliyo ndani iliwekwa lini. Kwa hiyo tunaanza hesabu upya, na mimi ninapendekeza 80,000.

Angalieni hesabu yenyewe. Kwenda na kurudi Beni ni kilometa 108. Safari tano kwa juma ni 540. Tutafika 80,000 baada ya juma 148 hivi, karibu miaka tatu. Kama kila safari inaweka dola moja pembeni, siku hiyo keshia itakuwa na dola 740, bila kuomba mutu. Tunajua likelemba, hii ni likelemba ya gari. Marafiki zetu walitupa gari, na tunawashukuru. Lakini ni vigumu kuwaandikia kila mara kwamba kitu kimevunjika. Kwa mara hii ya kwanza tu tunaomba itoke kwa keshia ya shirika.

Pyesi nitanunua mbele ya memba wawili, mumoja wa Butembo na mumoja wa Beni, kwa maana kuna boksi nyingi zenye jina la Toyota na ndani hamna Toyota. Fakture itakwenda kwa mama Keshiere. Kuruwa na pompa za zamani zitaletwa hapa mezani, na tarehe na kilometa zitaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha motere, ili hata fundi mwingine akija asome.

Gari itasimama Ijumaa na Jumamosi. Wale walio na mizigo ya soko la Beni kwa siku hizo, muongee na shofere leo mbele ya kutoka, apakie Alhamisi.